Naanyu Anayefunga Majina

Naanyu binti Sindato ana duka nyuma ya soko la Same. Ukiuliza pale sokoni duka la Naanyu, watakuuliza, Naanyu wa picha au Naanyu wa kwaya. Ni huyo huyo mmoja. Anapiga picha za pasipoti, anachapa barua, anatoa nakala, anarekodi kwaya. Mlangoni kuna pazia la buluu. Ndani kuna kompyuta, kiti chake, kiti cha mteja, na ukutani amebandika vipande vya magodoro ili kelele za nje zisiingie. Zinaingia.

Ni Mmasai wa nyanda za Ruvu. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi. Ukaja mwaka wa ukame, ng'ombe wakafa, mzee Sindato akabaki na watoto wengi kuliko ng'ombe. Ndipo akapeleka mmoja shule. Alimchagua Naanyu kwa sababu hakuwa mchungaji mzuri. Alikuwa anasimama kuangalia vitu. Haya aliniambia mwenyewe, wala hakuyasema kwa uchungu. Baadaye akaenda Moshi kujifunza kompyuta, akarudi, akapanga chumba. Watu wa sokoni wakaja kumtazama Mmasai anayebonyeza kompyuta. Kisha wakazoea.

Naandika habari zake kwa sababu ya mke wangu Yudith, ambaye amefariki. Mimi ni Hezroni, naishi Mbaga, mlimani. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kufunga mizigo kwenye malori yanayoshuka Same. Kufunga nakujua. Mambo mengine nilimwachia Yudith.

Naanyu tulimjua wakati kwaya ya akina mama ya usharika wetu ilipotaka kurekodi. Ulikuwa msimu wa kuvuna maharage, akina mama hawakuweza kushuka mjini. Mwalimu wa kwaya, Melkizedeki, akamwita apande. Akapanda na laptopu na maiki, amevifunga ndani ya shuka. Akawa anazunguka nyumba kwa nyumba. Kila mama anaimba sehemu yake peke yake, halafu yeye ataziunganisha. Mimi sikujua kwamba sauti zinaungika. Yudith naye hakujua. Alisema kama ni kushona viraka basi sawa, viraka anavijua.

Kwetu alifika asubuhi pamoja na Melkizedeki. Akaniinamishia kichwa nimguse, kama wanavyofanya kwao. Nikamgusa. Halafu akasema shikamoo.

"Marahaba. Umesalimia mara mbili."

"Moja ya nyumbani, moja ya shule, baba."

Yudith akacheka. Alipocheka nikajua mgeni huyu atakunywa chai.

Yudith ndiye alikuwa mwanzishaji wa kwaya. Yeye anatoa mstari wa kwanza, wengine wanaingia. Sauti alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kunyamaza kwa mambo mengine. Pale sebuleni alikaa akitazama dirishani, na kila alichokiona nje alikisema. Akiimba ubeti, anasimama, anamwambia mtoto wa jirani ashuke kwenye mpapai. Anaanza tena. Anasimama, anakohoa. Anaanza tena. Naanyu hakukasirika. Alikuwa anasema tu, "Rudia, mama."

Mara moja Yudith alishavuta pumzi aanze, akaniona nimekaa mlangoni. Akaniambia kwa Chasu, yaani Kipare chetu, "Baba Eliaichi, kuku ameingia jikoni. Mtoe." Halafu akavuta pumzi nyingine, akaimba wimbo wote mpaka mwisho bila kusimama. Mimi nilikuwa nimeshaenda jikoni. Wimbo niliusikia nikiwa na kuku mkononi.

Alipomaliza, Naanyu akakaa kuweka mambo yake sawa. Nikasimama nyuma yake. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake maandishi meupe, hakuna picha hata moja.

"Hii yako imeharibika?"

"Hapana, baba. Ile yenye picha iliisha kwa virusi. Watu wanaleta flashi zao dukani, kila flashi na ugonjwa wake. Nikaweka mfumo mwingine. Huu naupa amri kwa maandishi."

"Inatii?"

"Inatii mno. Hiyo ndiyo shida yake."

Akaniambia kila mama atamtengenezea folda yake, yaani kapu la kuwekea sauti zake. Akauliza kapu la mke wangu liitweje.

"Mama Eliaichi."

Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake linapumzika. Anaitwa kwa mtoto. Yudith nilimwita Yudith siku chache tu za ujana, baadaye akawa Mama Eliaichi mpaka mwisho. Kwenye kwaya walikuwa Mama Faraja, Mama Anderson, Mama nani na nani. Makapu yote ya Naanyu yalianza na Mama.

Nikaona kwamba akiandika jina anaweka kijialama kimoja mbele na kimoja nyuma, vidogo kama kucha za paka. Nikamuuliza vya nini.

"Shuleni waliviita alama za mtajo. Mimi naviita kamba. Mashine hii ikiona nafasi kati ya neno na neno, inajua umetaja vitu viwili. Nikiiambia Mama Eliaichi hivi hivi, inaona Mama, halafu inaona Eliaichi. Nikifunga huku na huku, inaona mtu mmoja."

Nikamwambia hiyo naijua. Mama akipakia mikungu miwili ya ndizi usipomfungia pamoja, gari likifika Mwembe ile mikungu ni ya watu wawili, na mmoja wao humjui.

"Ndiyo hiyo hiyo, baba."

"Na ndani ya kamba unaweka chochote?"

"Chochote. Kuna alama ambazo kwake ni amri. Nyingine inamaanisha vyote vilivyomo. Nyingine inamaanisha maliza hili ufanye na lile. Mtu anaweza kuleta faili lina alama hizo kwenye jina, nami nikilitaja bila kulifunga, mashine inaacha kusoma jina inaanza kufanya kazi. Zikiwa ndani ya kamba inazisoma tu. Jina la mtu mwingine silitaji kabla sijalifunga."

Melkizedeki alikuwa anapiga miayo. Alikuwa na nyumba nyingine za kuzunguka.

"Funga, fungua, funga, fungua. Naanyu, tutafika lini? Andika tu, mashine itaelewa."

"Haielewi, mwalimu. Inatii."

"Mmasai na kompyuta. Ng'ombe umemwachia nani?"

"Wako na baba. Wako salama kuliko kwaya yako."

Yudith akacheka tena, akamwongezea chai Naanyu. Melkizedeki hakuongezewa.

Mimi nilikuwa na swali jingine. Wimbo aliouanzisha Yudith unaitwa Ng'ambo Kuna Taa. Pale kwenye Ng' kuna kijialama kimesimama, na nilikiona kinafanana na ile kamba yake. Nikamuuliza, hicho hakitafungua mzigo?

Naanyu akageuka akanitazama.

"Kinafungua, baba. Mashine ikikifikia inadhani fundo limeishia hapo. Yanayobaki yanadondoka barabarani."

"Sasa unafanyaje?"

"Zamani nilikuwa nafunga kabla yake, nakitaja chenyewe peke yake na alama ya kukilinda, nafunga tena baada yake. Siku nyingine nakosea. Basi nikaandika amri ndogo, naipa jina lolote, yenyewe inalifunga inavyotakiwa. Mikono yangu siiamini."

Halafu akanionyesha jambo la mwisho. Kabla hajahamisha kitu wala kufuta, anaweka neno moja mbele ya amri, na mashine badala ya kufanya inasoma tu kile itakachofanya. Anasoma naye. Akiridhika, anatoa lile neno, anabonyeza. Alisema baba yake hafungui zizi kabla hajasimama mlangoni akawataja wanaotoka. Yeye kuchunga kulimshinda, hicho alikishika.

Sauti nzuri zote za akina mama akazikusanya kwenye kapu moja, akaliita Mama, kwa kufupisha kwaya ya akina mama. Humo ndimo alimoziunganishia nyimbo. Zile mbovu, zenye kikohozi na mpapai, zikabaki kwenye kapu la kila mmoja. Ya kuku nayo ikabaki, maana baadaye Yudith aliurudia wimbo bila maneno mbele. Akamwomba Melkizedeki alete flashi waweke nakala ya nyimbo zilizokamilika. Melkizedeki akakataa. Uzinduzi ulipangwa Krismasi, watu wakiwa wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Arusha, na alihofia nakala ikitoka tu bodaboda wote wa Same watakuwa wanapiga nyimbo kabla ya kwaya yenyewe.

Yudith aliugua mvua za vuli zilipoanza. Hakuugua muda mrefu. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Watu walikuja wengi, kuku wote wakaliwa.

Nyumba yetu ilikuwa na maneno mengi. Sikuwa nimetambua kwamba yote yalikuwa yake.

Binti yangu Eliaichi aliporudi Arusha alikuwa ananipigia simu kila jioni. Ananiuliza nimekula nini, namwambia. Halafu tunaagana. Siku moja akaniuliza kama nahitaji kitu chochote. Nikasema hapana. Kisha nikamwambia kuna maneno ya mama yake kwenye kompyuta ya Naanyu, anasema kuku atolewe jikoni. Wimbo siuhitaji sana, wimbo nitausikia kanisani. Nahitaji hayo maneno.

Alinijibu hapo hapo.

"Baba, shuka kesho. Wasije wakafuta."

Nikashuka. Nilikuta nje ya duka Naanyu ametundika shuka jeupe ukutani, anapiga picha wanafunzi. Foleni ilikuwa ndefu. Akanipungia mkono niingie ndani, anakuja.

Ndani, kwenye kiti chake, alikuwa amekaa Melkizedeki.

"Baba Eliaichi! Karibu. Umefuata nini huku kwenye joto?"

"Nimefuata sauti ya Mama Eliaichi."

"Ipi hiyo?"

"Ile ya kuku."

Akanitazama kama mtu anayetazama mawingu.

"Ndugu yangu, unaacha Ng'ambo Kuna Taa unachukua kuku?"

"Ndiyo."

"Zile ni mbovu zote. Kompyuta imejaa, Naanyu amesema mabovu yapungue ndipo amalizie. Na kapu la marehemu ndilo kubwa kuliko yote, si unajua alivyokuwa, kila ubeti anasimama amseme mtu. Ndiyo nalitoa hapa. Nimeshaandika."

"Subiri."

Kidole kilikuwa kimeshashuka.

Melkizedeki akakitazama kidole chake. Akanitazama mimi. Akasema, "Pole." Alisema kwa sauti ileile aliyosemea msibani.

Nikakaa kwenye kiti cha mteja. Nje Naanyu alikuwa anamwambia mtu ainue kidevu. Nilitazama vipande vya magodoro ukutani. Nikakumbuka kwamba nilikwenda na kadi ya kumbukumbu ya simu mfukoni, Eliaichi aliniagiza niende nayo. Nikaishika. Nilikuwa nafikiri nitamwambia nini jioni akipiga.

Naanyu akaingia. Akatazama kiti kwanza.

"Mwalimu, umekalia nini?"

"Nimekusaidia kidogo."

"Umenisaidia nini?"

"Kapu la marehemu nimelitoa. Si ulisema mabovu yatoke?"

"Nilisema tutakaa pamoja tuyasikilize."

Akaja nyuma yake akasoma kioo. Alisoma muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwepo.

"Umeandika mwenyewe?"

"Nimekuona mara nyingi unavyofanya. Si neno la kufuta, halafu jina?"

"Umeona yote isipokuwa kamba."

"Kamba gani?"

Naanyu akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. "Hapa inasema hakuna kitu kinachoitwa Eliaichi."

"Yupo Arusha," nikasema.

"Najua, baba. Hapa ndipo hayupo. Uliiambia ifute vitu viwili, mwalimu. Cha pili imekitafuta haikukiona, ikalalamika. Cha kwanza ilikiona, ikafuta, ikanyamaza. Hii ikitii haisemi."

"Cha kwanza kipi?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama peke yake. Kapu la kwaya. Nyimbo zote mlizomaliza."

Melkizedeki akainuka kwenye kile kiti kama kimewaka moto. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Na Mama Eliaichi?"

Naanyu akakaa, akaandika. Niliziona zile kucha za paka, moja mbele, moja nyuma. Majina ya mafaili yakashuka kwenye kioo, mengi.

"Yupo. Hajaguswa."

Melkizedeki alikuwa ameegemea godoro anafuta uso na leso. Mimi nilifurahi. Sikuificha furaha, ila hakuna aliyekuwa ananitazama.

"Zirudishe," Melkizedeki akasema.

"Nilikuomba flashi."

"Zingevuja! Bodaboda wangezipiga kabla ya uzinduzi!"

"Sasa hazitapigwa na mtu yeyote, mwalimu. Umezilinda."

Hata hivyo Naanyu alijaribu kuzirudisha. Alikaa mpaka jua likazunguka upande wa pili wa soko, wateja wa picha wakakata tamaa wakaondoka. Alivyovipata vilikuwa vipande. Akina mama walisikika kama wanaimba wakiwa ndani ya pipa la maji. Melkizedeki alisikiliza kimoja akaomba kizimwe.

"Krismasi hiyo inakuja," akasema. "Mchungaji ameshatangaza. Watu wa Dar wameshaambiwa."

"Waite akina mama waimbe upya. Mmoja mmoja, kama mwanzo. Wako hai."

Sisi wote tulijua nani hayuko hai. Naanyu akainamisha kichwa, akaniambia, "Nisamehe, baba."

"Umesema kweli," nikamwambia.

"Aanzishe Mama Faraja," Naanyu akasema.

"Mama Faraja akianzisha Krismasi," Melkizedeki akasema, "tutamaliza Pasaka."

Hapo akageuka akakitazama kioo. Majina yalikuwa bado yameorodheshwa pale, sauti mbovu za mke wangu. Nikamwona anavyoanza kuelewa. Naanyu alishaelewa zamani, alikuwa anamsubiri.

"Katika hizo mbovu," Melkizedeki akasema polepole, "ipo hata moja aliyoimba mpaka mwisho?"

"Ipo moja."

"Ipi?"

Nikamjibu mimi. "Ile ya kuku."

Naanyu akatutazama wote wawili. "Kuku gani? Pale mwanzoni kuna maneno, ndiyo. Kwa Chasu. Mimi nilidhani ni sala, ndiyo maana sikuyakata, nikasema nitamuuliza mwalimu kwanza."

"Si sala," Melkizedeki akasema. "Anasema kuku ameingia jikoni."

"Anamwambia nani?"

"Mimi," nikasema.

Naanyu akafikiri.

"Nimesikia tangu utoto kwamba Mpare anauza ng'ombe ili aende mahakamani kudai kuku. Nyumbani tulikuwa tunacheka. Leo nimewaona wawili wamekuja dukani kwangu kwa ajili ya kuku mmoja."

"Na mimi ndiye mdai wa kwanza," nikamwambia. "Huyu amekuja kufuta."

Melkizedeki alivuta kiti cha mteja akanipa nikae, ingawa nilikuwa nimeshakaa muda wote na kusimama ni sasa hivi tu. Akasema, "Baba Eliaichi, tunaiomba. Yale maneno tutayakata, wimbo utaanza safi."

Nilikuwa na hofu. Niliwahi kuona mtu anakata kamba kwenye mzigo wa kwake na mzigo wa jirani ukaenda. Nikamwambia Naanyu, wimbo wachukue, ni wa kanisa. Ila akikata pale, maneno yanakwenda wapi?

"Hayaendi kokote, baba. Kwanza nakupa ya kwako nzima. Kisha natengeneza nakala yao, nakata kwenye nakala. Ile ya asili sitaigusa. Lete kadi."

Nikampa. Akaichomeka. Akaandika amri, na mbele yake akaweka lile neno la kusoma bila kufanya. Akabonyeza. Mashine ikasoma. Akainuka kwenye kiti chake.

"Kaa hapa, baba. Soma wewe."

Nikakaa. Kusoma kwangu ni kwa taratibu, nilijifunzia kisomo cha watu wazima, na mwenzangu wa dawati alikuwa Yudith. Nikasoma herufi moja moja. Maneno ya Kiingereza niliyaruka. Nilipofika kwenye jina nikasoma: kamba, Mama Eliaichi, kamba.

"Imefungwa?" Naanyu akauliza.

"Imefungwa."

"Hapa naweza kuunganisha jina liwe neno moja. Hata mtu asipofunga, haliachani. Wengi wanafanya hivyo, ni salama zaidi."

"Wewe unachoka kufunga?"

"Sichoki."

"Basi liache alivyoitwa."

"Funga vizuri, Naanyu," Melkizedeki akasema kule ukutani.

Naanyu hakugeuka. Akatoa lile neno la mbele, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza. Mashine haikusema kitu. Akachomoa kadi, akaiweka kwenye simu yangu ndogo, akatafuta, akanipa nisikilize.

Yudith akavuta pumzi. Halafu akasema, "Baba Eliaichi, kuku ameingia jikoni. Mtoe."

Nje muuza mitumba alikuwa anaita watu. Melkizedeki alivua kofia.

"Sauti iko wazi," Naanyu akasema. "Nilidhani ni sala."

Jioni Eliaichi alipopiga sikumweleza kitu. Niliisogeza ile simu ndogo yenye kadi karibu na niliyokuwa naongelea, nikabonyeza. Alilia, halafu akaanza kucheka, halafu akauliza kama kuku nilimtoa. Nikamwambia nilimtoa.

Akina mama waliimba upya. Safari hii walishuka wenyewe Same kwa zamu, na kila aliyerudi alisimulia kwamba juu ya kiti cha Naanyu kuna karatasi imeandikwa USIKALIE. Melkizedeki alinunua flashi, akanunua na nyingine ya kuilinda hiyo flashi. Nasikia anatembea nazo zote mbili kwenye mfuko wa shati.

Krismasi watu walikuja wengi. Naanyu alipanda na spika zake kuja kupiga nyimbo kanisani. Wimbo wa kwanza ulikuwa Ng'ambo Kuna Taa. Nilikaa na Eliaichi. Mwanzoni kabisa, kabla ya sauti, ilisikika pumzi ya mtu anayejiandaa. Wengine hawakuijali. Mimi nilijua ni ile pumzi ya pili, aliyoivuta baada ya kunituma. Naanyu alikata pale pale panapotakiwa, hakuigusa pumzi. Halafu Yudith akaanzisha, wengine wakaingia.

Baada ya ibada Melkizedeki akanijia pembeni. Alitaka aulize jambo lakini alizunguka kwanza, akaulizia migomba, akaulizia mgongo wangu.

"Unayo hapo?" akasema mwishoni.

"Ninayo."

"Hebu nipigie kuku."

Nikampigia. Alisikiliza ameinama. Tangu siku hiyo akina mama nao wakipita kwangu husema, Baba Eliaichi, tupigie kuku. Nawapigia. Wanacheka, wanajifuta uso kwa kanga, wanaondoka.

Siku ile ile ya Krismasi Naanyu alikuja nyumbani kabla hajashuka. Mkono mmoja alibeba mfuko wa nyaya, mkono mwingine alibeba tetea, ameunyoosha mbali na nguo zake. Kwao kuku hawafugi wala hawali, wazee wao wanaona ni ndege tu. Alimbeba kama mtu aliyebeba taa ya mafuta inayovuja.

"Shikamoo, baba." Akainamisha na kichwa. Nikamgusa.

"Marahaba. Huyu umemtoa wapi?"

"Sokoni. Niliambiwa huyu anataga. Sijui, mimi nilimchagua kwa sababu alikuwa anaingia kwenye maduka ya watu."

Alikuwa amemfunga miguu. Nilitazama fundo. Lilikuwa fundo zuri, linabana na halikati ngozi. Nikamwambia amefunga vizuri. Ndilo neno nililompa, na nadhani alilipokea, maana alitabasamu akaingia ndani kunywa chai aliyopika Eliaichi. Halafu akashuka Same.

Eliaichi naye akarudi Arusha baada ya mwaka mpya.

Tetea nilimfungulia. Siku za kwanza alikaa chini ya kihenge cha nafaka, hakunifahamu. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mlangoni, pale pale ninapokaa, nikamwona anapita uwanjani bila haraka. Akasimama. Akaingia jikoni.

Nilikaa kwanza. Nilisubiri kidogo.

Kisha nikainuka nikamtoa.